Ghala la Wimbi, Banda la Darubini

Babu yangu alikuwa msusi wa maghala kule Shinyalu, Kakamega. Baba akawa seremala wa mabanda ya mabati katika mgodi wa dhahabu wa Rosterman. Nami, baada ya miaka mingi ya kupiga randa, nimerekebisha banda la bustani ili mwalimu mmoja wa fizikia apate mahali pa kuweka darubini. Kwangu hiyo ni kazi moja iliyopitia mikono mitatu: kukitunza kitu kikavu katika nchi yenye unyevu.

Na Kakamega ina unyevu kwelikweli. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, msitu uko mlangoni, na mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Asubuhi jua linachoma. Alasiri wingu linajikusanya, radi inapiga, na pengine mvua ya mawe inashuka. Aliyetaka wimbi lake lifike msimu wa kupanda ilimbidi ajue kujenga.

Babu alianza na mawe makubwa, juu yake magogo ya miti migumu, kisha sakafu ya fito. Ukuta aliusuka kwa mkono kama kikapu kikubwa, akiuzungusha hadi kimo cha mtu. Ghala la wimbi alilikandika kwa ndani kwa udongo na samadi, maana punje zake ni ndogo na hupenya popote. La mahindi ya magunzi aliliacha bila kukandika ili upepo upite. Paa lilisukwa peke yake chini, likaezekwa nyasi, kisha wanaume wakalinyanyua na kuliketisha juu bila msumari hata mmoja. Ulipohitaji nafaka uliinua paa upande mmoja, ukaliegemeza kwa mti wenye panda, na mtoto mwepesi akaingia ndani na kapu. Nilipokuwa mdogo, mtoto huyo alikuwa mimi. Nakumbuka harufu ya samadi kavu, na nakumbuka kwamba hata katikati ya masika mle ndani palikuwa pakavu.

Halafu dhahabu ikaja. Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, aliipata dhahabu upande wa Kakamega, na muda si muda walowezi wakamiminika, wengi wao wakiwa wamefilisishwa na kuanguka kwa bei za mazao. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele. Desemba 1932 ikabadilishwa, ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Ahadi ya milele haikumaliza hata miaka mitatu. Wazee wetu hawakuisahau, na sioni kwa nini sisi tuisahau.

Pamoja na wachimbaji yalikuja mabati mengi. Baba alijifunza kuyapigilia huko Rosterman, akajenga stoo za vifaa hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1952. Mabati yalikuwa na sifa zake: hayaungui kama nyasi, mchwa hawayali, na fundi mmoja husimamisha banda kwa siku chache. Lakini mchana ni tanuri, na usiku yanatoa jasho. Hewa yenye unyevu hugusa bati lililopoa, matone yanajikusanya kwa ndani na kudondoka. Jembe linavumilia jasho hilo. Nafaka hailivumilii.

Maghala ya kusuka yalikufa polepole. Mahindi chotara yalianza kusambazwa mwaka 1964, mavuno yakahesabiwa kwa magunia, mashamba yakagawanywa kwa wana, wezi wakaongezeka, na baadaye dumuzi, mdudu mla mahindi, akaingia nchini. Watu wakayahamishia magunia ndani ya nyumba. Nimeona maghala mazuri yakikatwa kuni, na hakuna aliyepima wala kuchora hata moja.

Ndipo mwalimu akaniita. Alikuwa na banda la mabati la geji 30, mita tatu kwa mbili na nusu, la kuwekea majembe na toroli. Darubini yake ni ya kioo cha inchi 8, juu ya kikalio cha sanduku la mbao cha aina iliyoenezwa na Mmarekani John Dobson. Alinieleza sababu ya kukichagua. Vikalio vya bei ghali hulazwa kuielekea Nyota ya Kaskazini, na vingi vimetengenezewa nchi za mbali na ikweta. Hapa kwetu, kaskazini ya ikweta kwa chini ya nusu digrii, nyota hiyo iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya mikaratusi ya jirani. Kikalio cha sanduku hakijali uko wapi: kinazunguka na kuinuka, basi.

Mwalimu alitaka paa la kuteleza juu ya reli. Alikuwa amesoma habari za mwanaastronomia Patrick Moore wa Selsey, Uingereza, ambaye banda la darubini yake moja liligawanyika vipande viwili na kusukumwa pande mbili. Ni ubunifu ninaouheshimu. Lakini paa la bati linalotembea, katika mji wa radi na mvua ya ghafla, halinipi usingizi. Tena kuta za mabati zilizochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto hadi usiku, na hewa ya joto inayopanda huifanya nyota itetemeke kwenye kioo. Nikamwambia, “Mwalimu, paa tuliache. Chombo ndicho kitoke nje.”

Kwanza niliinua sakafu kwa mawe na mbao, kimo cha goti, kama babu. Safu ya juu ya mabati kwenye kuta mbili niliitoa, nikasuka fito mahali pake na kuweka wavu mwembamba kwa ndani kuzuia panya na nyigu. Chini ya paa nilitandaza majamvi ya matete yashike jasho la bati. Mlango nikauvunja, nikaweka wa mbao wenye pande mbili zinazofunguka ukuta mzima. Kisha kigari: fremu ya vyuma, na magurudumu ya toroli yenye upepo, kwa kuwa yale ya chuma yangekitikisa kioo. Njia ya zege inateremka taratibu hadi kwenye duara la zege kwenye nyasi, mbali na joto la kuta. Hapo kigari husimamishwa kwa skrubu tatu, magurudumu yakaning'inia, na darubini haitikisiki tena. Jua likitua mwalimu hukisukuma nje, kioo kikapoa sawa na hewa. Wingu likitokea upande wa Nandi, kinarudi ndani upesi.

Kuvu iliyoanza kwenye kingo za kioo haijaenea tangu hapo. Usiku wa Aprili, mvua ikishaosha anga, wanafunzi wake huuona Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo watu wa London hawawezi kulipata nyumbani kwao.

Nchi hii si mgeni wa anga. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi. Leo Susan Murabana na Chu Owen hupeleka darubini shuleni kupitia The Travelling Telescope. Kazi yao ni njema sana, lakini darubini ya kusafiri huondoka kesho yake. Shule inahitaji ya kwake, na ya kwake inahitaji mahali pakavu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na Kenya tutaliona likiwa limemegwa. Walimu wakuu wa Kakamega, karibu kila shule yenu ina stoo ya majembe. Nunueni kichujio cha jua, kwa maana bila hicho darubini hupofusha, na muanze kurekebisha stoo sasa. Wasusi wa maghala wamebaki wachache, na ni wazee. Waiteni waje wasuke ukuta huo, na vijana wawe pembeni wakishika fito.