Tunu ya Ukoo na Mapenzi ya Nyakati Mbili: Historia Fupi ya Riwaya ya Kikristo ya Marekani

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya fasihi tumezoea kuzungumzia kisengere nyuma, yaani mbinu ambayo kwayo mhusika hurudishwa nyuma kimawazo na kukumbuka yaliyompata. Ipo mbinu nyingine inayofanana nayo kwa mbali, lakini inayofanya kazi tofauti. Katika mbinu hii riwaya moja hubeba visa viwili vinavyotokea katika nyakati mbili, pengine zilizoachana kwa miaka mia moja au zaidi. Wahusika wa kisa cha kwanza na wale wa kisa cha pili hawakuonana kamwe. Kinachowaunganisha ni kitu kimoja kilichotoka mkono hadi mkono: pete, gauni la harusi, shajara, picha au blanketi. Makala haya yanakiita kitu hicho tunu ya ukoo.

Mbinu hii imeshamiri sana katika riwaya za mapenzi za kihistoria zinazoandikwa na Wakristo wa Marekani. Lengo letu ni kueleza kwa ufupi historia ya riwaya hizo, kisha kuuliza swali ambalo msomaji anaweza kulipita bila kuliona: je, ni nani katika historia aliyeruhusiwa kuwa na kitu cha kurithisha?

Chimbuko la riwaya hizi

Riwaya ya mapenzi yenye maudhui ya Kikristo haikuanza jana. Grace Livingston Hill, aliyeishi kuanzia mwaka 1865 hadi 1947, aliandika vitabu zaidi ya mia moja vya aina hiyo. Mwaka 1967 Catherine Marshall alitoa riwaya iitwayo Christy, inayomhusu msichana anayekwenda kufundisha katika shule ya misheni kwenye milima ya Tennessee mwaka 1912. Marshall aliijenga juu ya maisha ya mama yake mzazi. Hata hivyo, soko la riwaya hizi kama tunavyolijua leo lilifunguliwa hasa mwaka 1979, pale shirika la uchapishaji la Bethany House lilipotoa Love Comes Softly ya Janette Oke, mwandishi wa Kanada. Kitabu hicho kinasimulia habari za mjane kijana katika nyika za magharibi, anayeolewa na mwanamume mwenye mtoto mdogo kwa sababu ya shida tu, na mapenzi yakaja taratibu baadaye.

Aliyewaonyesha wasomaji wengi nguvu ya nyakati mbili ni Francine Rivers. Kabla ya kuokoka katika miaka ya 1980 alikuwa akiandika riwaya za mapenzi za kawaida. Mwaka 1996 alitoa The Scarlet Thread. Sierra Madrid ni mwanamke wa California ambaye ndoa yake inayumba baada ya mumewe kuihamishia familia Los Angeles kwa ajili ya kazi. Katika dhiki hiyo anakuta shajara na blanketi la viraka vya mama mmoja wa ukoo wake, Mary Kathryn McMurray, aliyesafiri kuelekea Oregon katika karne ya 19. Tangu hapo msomaji hufuata safari mbili: ya yule aliyeng'olewa kwao kwa magari ya maksai, na ya huyu aliyeng'olewa kwao kwa gari la kisasa.

Baadaye waandishi wengine walifuata njia hiyo. The Wedding Dress ya Rachel Hauck, iliyotoka mwaka 2012, inafuata gauni moja lililoanza safari yake Birmingham, Alabama, mwaka 1912. Katika The Butterfly and the Violin ya Kristy Cambron, ya mwaka 2014, picha ya mpiga fidla humpeleka mfanyabiashara wa sanaa wa New York hadi kwenye kambi ya mauti ya Auschwitz. Freedom's Ring ya Heidi Chiavaroli, ya mwaka 2017, inaunganisha kwa pete Boston ya mwaka 1770, askari wa Uingereza walipowafyatulia raia risasi, na Boston ya mwaka 2013, mabomu yalipolipuka kwenye mbio za marathoni.

Mizizi yake katika Biblia

Huenda msomaji akauliza kwa nini waandishi Wakristo wameipenda mno mbinu hii. Jina la riwaya ya Rivers linatupa fununu. Uzi mwekundu ni ule wa Rahabu wa Yeriko, katika sura ya pili ya Kitabu cha Yoshua. Mwanamke huyo alifunga kamba nyekundu dirishani, na kwa alama hiyo yeye na jamaa yake yote wakaokolewa mji ulipoanguka. Injili ya Mathayo humtaja Rahabu kuwa mama yake Boazi, yule aliyemwoa Ruthu, na kwa hiyo humtia katika nasaba ya Daudi na ya Yesu. Kamba iliyookoa nyumba moja ikawa, kwa msomaji Mkristo, mwanzo wa ukoo mrefu.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika sura ya nne ya kitabu hichohicho. Waisraeli waliagizwa watwae mawe kumi na mawili kutoka katikati ya Yordani na kuyasimamisha Gilgali, ili watoto watakapouliza maana ya mawe yale, wazazi wawasimulie. Hapa tunaona kanuni nzima ya riwaya ya nyakati mbili: kitu kimewekwa, mtoto anauliza, hadithi inaanza. Mawe yenyewe hayasemi. Bila anayeuliza na anayejibu, yatabaki kuwa mawe tu.

Tunu kama ushahidi wa ndoa

Jambo hili halikuwa la vitabuni tu. Nchini Marekani, kwa muda mrefu sehemu nyingi hazikuwa na daftari la serikali la vizazi na ndoa, na kumbukumbu za familia ziliandikwa katika kurasa za Biblia ya nyumbani. Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria za pensheni kwa askari wa vita vya uhuru mwaka 1832, na kwa wajane wao mwaka 1836, mjane alitakiwa kuthibitisha kwamba aliolewa kweli na marehemu. Baadhi yao walichana ukurasa wa Biblia ya ukoo ulioandikwa tarehe ya harusi na majina ya watoto, wakautuma Washington. Kurasa hizo bado zimo katika Nyaraka za Taifa za Marekani.

Vivyo hivyo kwa mablanketi ya viraka. Njia ya Oregon ilikuwa na urefu wa kilomita 3,200 hivi, na wengi walioifuata kati ya miaka ya 1840 na 1860 walitembea kwa miguu kando ya magari. Blanketi lilikuwa tandiko, lilifungiwa vyombo visivunjike, na aliyekufa njiani alizikwa nalo. Kwa hiyo Rivers hakubuni uhusiano kati ya blanketi na historia. Aliukuta.

Wasiokuwa na cha kurithisha

Hata hivyo, tunu huhitaji mambo mawili ambayo ni rahisi kuyasahau. Kwanza, mwenye nayo awe na haki ya kumiliki mali. Pili, awe na jamaa isiyotawanywa, itakayoipokea. Watumwa wa Marekani walinyimwa yote mawili. Ndoa zao hazikutambuliwa na sheria, na mume, mke na watoto waliweza kuuzwa kila mmoja kwa mtu wake.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, watu waliokuwa wameishi kama mume na mke kwa miaka mingi walijitokeza kuandikisha ndoa zao. Wengine hawakujua wenzao wako wapi. Gazeti la Christian Recorder la Kanisa la A.M.E., lililochapishwa Philadelphia, lilijaa matangazo ya watu waliowatafuta wake, waume, mama na watoto. Tangazo lilitaja majina, mahali walipoachana, na jina la bwana aliyewauza, na mara nyingi wachungaji waliombwa walisome mbele ya waumini. Hayo nayo ni mapenzi ya Kikristo ya nyakati mbili. Lakini kati ya wakati mmoja na mwingine hapakuwa na pete wala gauni. Palikuwa na jina tu, na tumaini kwamba mtu kanisani atalitambua.

Mara chache sana kitu kilisalimika. Katika miaka ya 1850, huko South Carolina, mama mtumwa aliyeitwa Rose alimpa binti yake Ashley, mwenye miaka tisa, mfuko wa kitambaa cha pamba pale mtoto huyo alipouzwa. Ndani yake alitia gauni kuukuu, konzi tatu za njugu za pekani na msuko wa nywele zake mwenyewe, akamwambia kwamba mfuko umejaa upendo wake siku zote. Hawakuonana tena. Tunayajua haya kwa sababu mwaka 1921 mjukuu wa Ashley, Ruth Middleton, aliyatarizi kwa uzi juu ya mfuko wenyewe. Mfuko huo ulipotea machoni pa watu hadi mwaka 2007, ulipopatikana katika soko la vitu vikuukuu huko Tennessee. Mwanahistoria Tiya Miles aliuandikia kitabu, All That She Carried, kilichopata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2021.

Miles alipofuatilia nyaraka alikuta jina la Rose na la Ashley katika orodha za mali ya tajiri mmoja wa Charleston aliyefariki mwaka 1852, naye akaona yaelekea sana kuwa ndio hao. Tutue hapa kidogo. Katika orodha ile, pamoja na vyombo na samani, mama na mtoto walikuwa wenyewe ni mirathi. Mtu aliyeandikwa kuwa urithi wa mwingine alijaza mfuko na kuanzisha urithi wake.

Funzo kwa darasa la Kiswahili

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna la kujifunza hapa. Kwanza, ni vyema kutochanganya mbinu hii na kisengere nyuma. Kisengere nyuma ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Nyakati mbili ni maisha ya watu wawili, na msomaji ndiye anayeyaunganisha, akisaidiwa na kitu.

Pili, atakayejaribu kutafsiri au kutunga riwaya ya aina hii atakuta Kiswahili kina nyenzo za kutosha. Shajara ya zamani yaweza kwenda kwa -li- na -ka-, na kisa cha leo kikachukua -na- na -me-, msomaji asipotee. Aidha, tunayo majina ya vizazi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Ruth alikuwa mjukuu wa Ashley na kitukuu wa Rose, na neno hilo moja latosha kuonyesha umbali ambao taraza yake iliuvuka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tusome riwaya hizi kwa kufurahia lakini tukiuliza. Magari ya maksai ya Mary Kathryn yalipita katika ardhi ya watu waliokuwapo kabla yake, na tunu zao hazimo katika shajara. Kila tunu iliyosalimika inatuonyesha pia zile zilizochomwa, zilizouzwa au ambazo hazikuwahi kuruhusiwa kuwapo.

Zoezi tunalopendekeza ni jepesi. Mwanafunzi amwendee mzee wa ukoo wake, amwombe amwonyeshe kitu kimoja cha zamani, aandike kilitoka kwa nani, kilipitia wapi na kimefikaje. Asiporudi na kitu, kwa sababu vita, uhamisho au umaskini havikuacha chochote, asihesabiwe kuwa ameshindwa. Aandike jina la aliyekumbukwa na maneno aliyoyaacha, kama walivyofanya wale waliopeleka matangazo yao Philadelphia, kisha ayasome kwa sauti mbele ya wenzake darasani.