Mataji Manane ya Boston

Tangu mwaka 1959 hadi 1966, Boston Celtics ilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani mara nane mfululizo. Hakuna timu ya ligi hiyo iliyoifikia. Nguzo yake ilikuwa Bill Russell, Mmarekani mweusi. Mpira alioupangua hakuutupa nje kwa mbwembwe. Aliuelekeza kwa wenzake. Uwanjani alishangiliwa. Ama nyumbani kwake Reading, nje kidogo ya Boston, watu walivunja wakaingia na kuandika matusi ya kibaguzi kutani. Philadelphia iliukata mfululizo huo mwaka 1967. Jezi yake namba 6 ilipotundikwa mwaka 1972, Russell alitaka itundikwe kabla ya milango kufunguliwa, mbele ya wachezaji wenzake, viti vikiwa vitupu.