Kumtafuta Mchina Sekenke

Mjukuu wa kaka yangu ameshawishika kwamba mzee aliyemzaa babu wa mama yake alikuwa Mchina, aliyeingia Iramba enzi za Mjerumani kufuata dhahabu ya Sekenke. Ushahidi wake ni weupe wa bibi mmoja na jina ambalo halina mwenyewe katika koo za Wanyiramba. Simcheki. Ila habari yake imenirudisha kwenye historia ya mlima ule, na nimetoka huko na hasira nisiyoitegemea.

Watu wengi wanaijua Sekenke kwa mteremko wake. Ukitoka Singida kwenda Nzega, kabla hujafika Shelui, barabara inaporomoka kutoka nyanda za juu za Iramba kwenda mbuga ya Wembere, na dereva wa lori mwenye akili huingiza gia ndogo mapema. Huko ndiko Wajerumani walikofungua mgodi wao mkubwa wa dhahabu, uliochimbwa kuanzia 1909 na kampuni iliyoitwa Kironda. Reli ya Kati ilikuwa haijafika hata Tabora, ilifika 1912. Mzigo wa bara ulisafiri kwa vichwa na mabega ya wapagazi.

Sasa huyo Mchina. Anayetafuta babu wa Kichina wa California ya 1849 au Victoria ya 1851 ana pa kuanzia. Mwaka 1855 serikali ya Victoria ilianza kutoza pauni 10 kwa kila Mchina aliyeshushwa bandarini, na maelfu wakaikwepa kodi hiyo kwa kushukia Robe, Australia Kusini, kisha wakatembea kwa miguu hadi machimboni. Kodi huacha karatasi, na hata anayeikwepa huandikwa na anayemkimbiza. Afrika Kusini ni hivyo hivyo. Kuanzia 1904 wenye migodi ya Witwatersrand walileta vibarua zaidi ya 63,000 kutoka China. Walichukuliwa alama za vidole, wakapewa namba, wakafungwa kwa mkataba wa miaka mitatu, na kufikia 1910 karibu wote walikuwa wamerudishwa kwao. Wapo wanaopenda kusema kwamba baadhi yao walitoroka wakapanda kaskazini mpaka kwetu. Ni mwendo mrefu mno kwa mtu ambaye polisi walikuwa na vidole vyake kwenye faili.

Mjerumani naye aliwahi kuleta Wachina. Mwaka 1892 walifika watu karibu 500, Wachina na Wajava, waliokusanywa Singapore kwa ajili ya mashamba ya upande wa Tanga na Usambara. Hawa walikuja kwa kahawa na tumbaku, wakaugua, wengi wakafa, na jaribio likaachwa mapema. Kati yao na Sekenke kuna miaka 17, tena kuna nusu ya nchi.

Najua kijana atanitajia Siyu. Kule kisiwani Pate zipo familia zinazojinasibisha na mabaharia wa Kichina wa Zheng He wa karne ya 15, na mwaka 2005 binti wa hapo, Mwamaka Sharifu, alipelekwa China kusoma kwa sababu ya nasaba hiyo. Nasaba yake ilipata wasikilizaji kwa kuwa kuna serikali iliyoihitaji. Wapagazi wa Sekenke hawana serikali inayowahitaji, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Chukua sarafu moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani, fedha za chuma zikaadimika, na watu hawakuyaamini makaratasi ya Mjerumani. Basi mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja una tai wa Kaizari. Wa pili una ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima, na herufi T ya Tabora. Zilitoka 16,198, kila moja gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Piga hesabu: ni kilo 87 hivi za dhahabu safi kutoka Iramba. Wakusanyaji wanazigawa makundi mawili kwa kuangalia urembo uliojikunja upande wa tai unaishia chini ya herufi gani ya neno Ostafrika, T au A. Zenye A ni 6,395, zenye T ni 9,803, au kinyume chake kutegemea unasoma katalogi ya nani. Watu wenye uwezo wa kubishana juu ya ncha ya urembo hawajawahi kuuliza ni nani aliyeinua mwamba ule kutoka shimoni. Wasukuma, Wanyamwezi na Wanyiramba waliochimba na kubeba wanapita humo kama kundi la vibarua, basi. Na sarafu yenyewe dunia nzima inaiita Tabora. Dhahabu yetu, sifa yao!

Ndani ya habari hizo hizo kuna mgeni mmoja kutoka Asia. Maandishi ya wakusanyaji yanasema mchoro ulikuwa wa mhandisi wa reli, R. Vogt, lakini aliyechonga muhuri wa chuma kwa mkono alikuwa sonara Msinhala, mtu wa Ceylon. Vogt ana jina. Sonara anaitwa Msinhala tu, ingawa mikunjo ya ngozi ya ndovu yule ni kazi ya mkono wake.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Baadaye Mwingereza alichimba Sekenke kwa zamu yake, akajenga reli ya Manyoni hadi Kinyangiri miaka ya 1930, kisha ikang'olewa. Wakafuata wachimbaji wadogo na maduara yao, karasha, zebaki na biashara ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Mwaka 2023 mgodi mkubwa wa Shanta ulianza kutoa dhahabu Mang'onyi, Ikungi, na magazeti yakasherehekea.

Nimemwambia kijana aanze kwa wazee wa Shelui, awaulize majina ya wapagazi kabla hajauliza ya Wachina, kisha aende kwenye majalada ya Kijerumani yaliyo Hifadhi ya Taifa, Dar es Salaam. Na akiwa bado anataka Mwasia wa dhahabu, afike Upanga, kwenye hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala, aulize kama kuna nyumba inayosimulia babu sonara aliyekuwa Tabora wakati wa vita. Yeye anasema hilo halimhusu, kwa kuwa bibi yake hakufanana na Mhindi.