Slufay: Sala ya Ushairi ya Wairaqw

Slufay ni sala ya kishairi ya Wairaqw, watu ambao wengi nchini Tanzania huwaita Wambulu. Huongozwa na mzee mwenye kipaji cha kusema, na waliokusanyika humwitikia kauli kwa kauli. Haihitaji ngoma wala zeze: muziki wake umo katika sauti ya kiongozi, pumzi yake na uzito wa kiitikio.

Chimbuko lake ni Irqwa Da'aw, nyanda za juu za Mbulu. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 Wairaqw wengi walibanana huko, wakilima miteremko kwa mbolea ya ng'ombe, ilhali mbuga za chini zilikuwa za wafugaji, Wamaasai na Wadatooga. Hali hiyo imo ndani ya sala. Huomba mvua, mavuno, uzazi wa watu na mifugo, na amani na majirani. Maradhi na mabaya mengine huamriwa yatoke nje ya mipaka ya nchi. Wema wote hutarajiwa kwa Lo'a, mungu wa kike anayehusishwa na jua. Wanaoogopwa ni neetlaanqw, pepo wakaao mitoni na kwenye chemchemi.

Sanaa hii haina shule. Kijana huanza akiwa mwitikiaji, miaka mingi, mpaka mafumbo na mapigo yamkae kinywani. Wepesi wa ulimi peke yake haumtoshi, kwa kuwa maneno ya baraka hupata nguvu kwa heshima ya anayeyatamka na kwa umoja wa wanaoyaitikia. Hapo ndipo ukubwa wa slufay ulipo: msanii wake hukomaa pamoja na jamii inayomjibu, wala hawezi kukomaa peke yake.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi na kuwadhoofisha wafugaji wa Afrika Mashariki. Kisha utawala wa Wajerumani ukapunguza uvamizi wao. Wairaqw wakateremka kuelekea Karatu, Dongobesh, Haydom na Hanang, kwenye mbuga zinazouzunguka mlima wa jina hilo wenye urefu wa mita 3,417. Huko waliishi jirani na Wabarbaig, tawi la Wadatooga, wakigombea ardhi na malisho, lakini pia wakioana nao na kuwaendea waganga wao. Nchi iliyoombewa ikawa pana kuliko ile ya mababu, na maadui wa zamani wakawa majirani wa mlango kwa mlango.

Dini mpya zilileta badiliko la aina nyingine. Wamisionari Wakatoliki walifika Mbulu wakati wa Wajerumani, na hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955. Slufay ilizoeleka kusemwa palipo na pombe ya mtama, kinywaji cha ibada na cha ujirani. Makanisa yaliyokataza pombe yaliinyima sala hiyo mojawapo ya majukwaa yake makuu.

Baadaye slufay iliingia kwenye maandishi. Robert Thornton aliijadili katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Wairaqw, na Maarten Mous alichapisha sarufi ya lugha yao mwaka 1993. Kisha Mous na Rose Marie Beck waliichambua slufay kwa kutilia mkazo sauti. Ni njia sahihi, maana maneno ya kiongozi yakichapwa bila kiitikio, nusu ya slufay haimo.