Kulandanisha si Kuhifadhi: Historia Fupi ya Mafaili Yetu Katika Wingu

Lugha yetu imelipokea jambo hili geni kwa maneno ya bandarini. Kupeleka faili kwenye tarakilishi ya mbali ni kupakia, na kulirejesha ni kupakua, kana kwamba ni shehena ya jahazi. Kuzifanya nakala zilizo mahali mbalimbali zifanane daima ni kulandanisha. Ghala lenyewe, ambalo mwenye mali halioni, huitwa wingu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kulandanisha na kuhifadhi ni kazi mbili tofauti, na kwamba kuzichanganya kunaweza kuwapotezea watafiti wa lugha na fasihi mali isiyopatikana tena.

Asili ya kazi hii ni ya zamani kuliko jina la wingu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, Marekani, kilishirikiana na kampuni ya IBM katika mradi ulioitwa Andrew. Shabaha mojawapo ilikuwa kwamba mwanafunzi aketi mbele ya tarakilishi yoyote ya chuo na ayakute mafaili yake yaleyale. Mwaka 1987, M. Satyanarayanan na wenzake wa chuo hicho walianza mfumo wa Coda, uliomwezesha mtu kuendelea na kazi hata mtandao ukikatika, kisha mabadiliko yake yaunganishwe mtandao urudipo. Hapo likajitokeza swali ambalo lingali nasi: watu wawili wakilibadilisha faili moja pasipo kujuana, nakala ya nani ifuatwe?

Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitoa programu ya rsync. Programu hiyo hailitumi faili zima. Hulikata vipande, ikalinganisha alama za hesabu za vipande hivyo, na kupeleka vile tu vilivyobadilika. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha ghala lake la S3. Mwaka uliofuata Drew Houston na Arash Ferdowsi walianzisha Dropbox, ambayo kwa miaka yake ya mwanzo iliyaweka mafaili ya wateja katika ghala hilohilo. Houston amesimulia kwamba wazo lilimjia ndani ya basi la kutoka Boston kwenda New York, alipogundua kuwa ameisahau flashi yake. Google Drive ilifuata mwaka 2012. Kwetu sisi njia ilifunguka mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa polepole.

Yafaa msomaji atambue kwamba katika historia hii yote shabaha kuu ilikuwa moja: mtu ayakute mafaili yake yakiwa sawa popote alipo. Lakini mashine iliyoamriwa kufananisha hufananisha pia kosa. Mwandishi wa makala haya alilifahamu hilo kwa uchungu. Kijana aliyetusaidia kazi alifuta kabrasha moja katika tarakilishi ya ofisini ili apate nafasi. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee wakisimulia ngano. Kabrasha likatoweka katika wingu, likatoweka na katika tarakilishi ya nyumbani. Tulipogundua, muda wa kurejesha vilivyofutwa ulikuwa umepita. Nusu ya sauti hizo tulizipata katika diski iliyosahaulika mtotoni mwa meza. Nusu ya pili haikupatikana, na mmoja wa wasimulizi alikuwa amekwisha kufariki.

Tulinganishe na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mengi yaliokolewa miongo kadhaa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa W. Hichens. Nakala zile hazikulandana. Aliyeichana karatasi ya Mombasa hakuweza kuichana ya London. Kutofungamana huko ndiko kulikokuwa ulinzi wake. Hata hivyo ulinzi huo ulikuwa na gharama yake: mtafiti wa pwani alilazimika kuvuka bahari ili aisome mali ya babu zake, kwa ruhusa ya mwenye ghala.

Wala wingu haliko angani. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza kila walichokiweka humo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Wingu litumike kwa kazi ya kila siku, kwani faida yake ni dhahiri. Lakini kila idara inayokusanya sauti na miswada iweke pia nakala isiyofuata nyingine, katika jengo jingine, mikononi mwa mtu anayejulikana kwa jina, naye aikague kila mwaka. Wazee waliotusimulia walituachia amana, na amana haiwi salama kwa kuwa tu inaonekana katika kila kioo.