Tarehe ya Dari za Boriti

Mgeni aingiaye katika nyumba ya mawe ya Lamu, katika zile zilizojengwa karne ya kumi na nane, wakati biashara na ushairi vilipokuwa vimestawi pamoja katika mji ule, aghalabu macho yake huvutwa na zidaka za chokaa zilizopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa ndani. Na kwa kuwa waandishi wengi wamezisifu, watu wamekwisha kudhani kwamba hizo ndizo fahari ya nyumba. Wachache huinua uso wakaitazama dari, ambayo ndiyo iliyoamuru kila kitu kilicho chini yake. Huko juu boriti zimelala kwa upana wa chumba, moja kando ya mwenziwe, kutoka ukuta hata ukuta, na juu ya mgongo wake yamelazwa mawe bapa ya tumbawe. Na katika nyumba za wenye mali boriti hizo zilichongwa pande nne, zikapakwa rangi nyekundu na nyeusi, hata mtu aliyelala kitandani akawa na kitu cha kutazama kabla ya usingizi kumchukua.

Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko haumei ila penye tope na maji ya chumvi, kama katika mikono ya bahari ya Lamu na katika delta ya Rufiji. Wakataji huingia na mashua maji yakijaa, hukata kwa shoka wakiwa wamezama miguu katika matope, na miti hupangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Ile iitwayo boriti hasa ni yenye unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5, nayo huhesabiwa kwa korija. Ni mti mzito, mgumu, ambao mchwa hawaushambulii kwa urahisi. Lakini una aibu moja, nayo ni kwamba ulionyooka na wenye nguvu ya kuchukua sakafu ya mawe pasipo kupinda hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu kwa urefu. Basi chumba nacho hakikuzidi hapo. Ndiyo sababu nyumba ya Lamu ni vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana, kutoka daka la mlangoni hata kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani nyuma ya yote. Tajiri aliyetaka ukubwa aliurefusha msana, au aliongeza chumba kingine nyuma ya cha kwanza, au alipandisha ghorofa; upana hakuuongeza, maana mkoko ulimkatalia tajiri kama ulivyomkatalia maskini.

Wako waliojaribu kuiasi sheria hiyo, na wa kwanza kati ya wakubwa wao ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyekuwako katika karne ya kumi na nne. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa mdogo, wenye dari bapa. Yeye akauongeza upande wa kusini kwa jengo kubwa zaidi, lililofunikwa kwa kuba na matao, juu ya nguzo zilizochongwa kila moja katika jiwe moja la tumbawe. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 katika zama za sultani huyo, naye akaandika kwamba nyumba za mji ule ni za miti, jambo ambalo husomwa kwa mshangao na kila aliyesimama mbele ya magofu ya jumba la mawe la Husuni Kubwa. Kuba zile lakini hazikudumu: zilianguka, na katika karne ya kumi na tano mafundi wakazijenga upya juu ya nguzo nene za pembe nane. Karibu na Msikiti Mkuu ukajengwa msikiti mdogo wa kuba, na ndani ya kuba zikapachikwa bakuli zenye kung'aa. Kwa rai yangu hiyo ndiyo dari nzuri kupita zote za mwambao. Walakini haikuwa desturi, na watu wa kawaida walibaki na boriti zao.

Kazi ya kuifunga dari ya boriti ilikuwa ya watu wengi. Mwashi alizizika ncha za boriti ndani ya kuta, akalaza mawe bapa, kisha zikamwagwa kokoto na chokaa, chokaa yenyewe ikiwa ni tumbawe lililochomwa tanuuni. Halafu ndipo palipo na shughuli: watu walisimama juu ya dari wamejipanga, kila mmoja na kipande cha mti mkononi, wakaipiga sakafu kwa siku kadhaa mpaka imeshikamana, nao wakaimba ili mapigo yaende sawa, na Unguja katika karne ya kumi na tisa wengi wa wapigaji hao walikuwa watumwa, jambo ambalo wasifuo uzuri wa nyumba hizo hawana budi kulitaja. Sakafu iliyopigwa vizuri haikupitisha maji. Iliyopigwa kwa uvivu ilivuja, na maji yalikimbilia ncha zilizozikwa ukutani, zikaoza pasipo mtu kuziona, mpaka siku dari ilipolegea.

Wala mkoko haukuishia kwetu. Mwanajiografia al-Istakhri, katika karne ya kumi, alitaja nyumba za ghorofa za Siraf, katika pwani ya Uajemi, zilizojengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Na karibu miaka elfu baadaye, msimu wa 1938 na 1939, baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait akawaona mabaharia wakihangaika katika matope ya Rufiji kupakia boriti za kurudi nazo kwao. Huko Ghuba huziita chandal, na vyumba vya kale vya Kuwait, Bahrain na Dubai vina wembamba ule ule wa vyumba vya Lamu, kwa kuwa vilipimwa kwa mti ule ule. Kisha mafuta ya Kuwait yakaanza kuuzwa nje mwaka 1946, saruji na chuma vikafika pamoja na fedha, na haja ya boriti ikapungua.

Unguja chuma kilikuwa kimetangulia. Sultani Sayyid Barghash alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883 alitumia nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma, akapata kumbi ambazo mkoko peke yake usingalimpa. Sehemu ya jumba hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, misitu ikiwa imekwisha kuliwa sana. Wajenzi wa leo humimina zege juu ya nondo, hupata upana wautakao, kisha katika hoteli na nyumba za wageni hupachika boriti chini ya zege hilo kwa ajili ya macho tu, na wengine hupitisha kati yake nyaya za taa. Hazichukui mzigo wowote. Siwalaumu, maana zinapendeza. Ila huona ajabu kuzikuta katika kumbi zenye upana wa mita nane, zikiwa zimeungwa vipande vitatu vitatu, na viungo vimefichwa kwa kamba za mnazi.