Tuache kuchekea Nyayo Pioneer

Wasee, mtaani ukijaribu kuunda kitu chochote chenye injini, hukosi mtu wa kukuambia "hiyo ni Nyayo Pioneer." Nimeisikia sana pale Kariobangi Light Industries. Fundi anachomelea, mpita njia anacheka. Maana ya kicheko tunaijua: ati injini ni kazi ya wazungu.

Haya, twendeni Munich. Kuna kampuni ya huko inaitwa Zoche, na tangu miaka ya 1980 imekuwa ikiunda injini ya ndege ndogo. Kwa karatasi ni moto. Ni dizeli, kwa hivyo haina plagi, hewa inabanwa mpaka joto lake linawasha mafuta. Silinda zimezunguka shafti kama nyota na zinapozwa na upepo, hakuna radieta. Halafu ni ya mipigo miwili: shafti ikizunguka mara moja, kila silinda imewaka. Injini ya mathree yako hungoja mizunguko miwili. Ya silinda 4 ilipangiwa nguvu za farasi 150, ya silinda 8 ikapangiwa 300.

Na si ndoto za mchana. Packard ya Marekani ilirusha dizeli ya umbo hilo la nyota mwaka wa 1928, ingawa yao ilikuwa ya mipigo minne. Mwaka wa 1931 ndege yenye injini hiyo ilikaa angani zaidi ya saa 84 bila kuongezwa mafuta. Saa 84! Faida yake hata Wilson Airport wangeielewa: ndege nyingi ndogo za pistoni hunywa avgas, petroli ghali yenye madini ya risasi, lakini dizeli kama hii inaweza kunywa mafuta ya jeti, ndugu ya mafuta ya taa.

Sasa jaribu kuinunua hiyo Zoche. Huwezi. Imepelekwa kwa maonyesho ya ndege miaka nenda miaka rudi, sokoni haijafika. Kufanya injini iwake ni ile nusu rahisi ya kazi. Ya ndege lazima ipate cheti, na cheti ni majaribio, kufungua, kupima, kurudia, huku mtu akilipa hiyo doo yote kabla hajauza hata moja.

Pioneer nayo? Moi aliagiza 1986, University of Nairobi wakaingia kazini, na 1990 gari likazinduliwa Kasarani. Yaliundwa matano, yakafika kilomita 120 kwa saa. Kilichokosekana ni pesa za kuyatengeneza kwa wingi. Miaka minne tu, buda! Mjerumani akikwama miongo kadhaa tunasema bado anafanya utafiti.

Na ile Nyayo Motor Corporation haikuzikwa. Ilibadilishwa jina ikawa Numerical Machining Complex, hapa hapa Nairobi, ikaendelea kuchonga vipuri vya mashine.